Aliyepandisha Ni Nani?

Kwenye meza za senti, anayepandisha dau mara nyingi anazo karata nzuri. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mtu wa huku kwetu anayetaka kucheza poka kwenye simu, tena namwambia kabla ya kumfundisha kwamba jozi mbili hushindwa na tatu za aina moja. Wengi huingia wakiwa na picha ya filamu vichwani: shujaa anamkazia adui macho, anasukuma fedha zote katikati ilhali mkononi hana kitu, na adui anaufyata. Ukiingia na picha hiyo, kila anayepandisha utamwona mwongo, na utalipa kila mara ili umfichue. Nimecheza kwa miaka kadhaa nikiwa Kwanza, mwendo mfupi kutoka Kitale, Kenya, kwenye meza ambazo madau ya lazima ni senti 2 na senti 5 za dola. Watu wa meza hizo nimewaona wakifuata ovyo, wakikosa subira, wakishikilia karata ambazo zilistahili kutupwa mapema. Kudanganya kwa fedha nyingi, hawadanganyi sana.

Karata zenyewe nilizijulia stejini. Wanabodaboda wakisubiri abiria hucheza kadi, na wengi huku huuita mchezo huo poka vilevile. Ukilishwa mbili unaokota karata mbili, ukilishwa tatu unaokota tatu, isipokuwa kama unayo ya kumlisha anayekufuata au una esi ya kuzuia. Anayekaribia kumaliza hutangaza "niko kadi", na wote hukaa chonjo. Katika mchezo huo jibu liko mkononi mwako: unayo au huna. Texas Hold'em, poka inayochezwa zaidi mtandaoni, haikubaliani na jibu la haraka namna hiyo. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Tano nyingine hufunguliwa mezani, tatu kwa mpigo, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua watu huweka dau. Mwenzako akipandisha una njia tatu: utupe, ulipe tofauti uendelee, au umpandishie na wewe. Kuna wakati una karata nzuri na jibu sahihi ni kuzitupa, na kuna wakati una karata hafifu na jibu sahihi ni kulipa. Jambo hili linawasumbua sana waliotoka kwenye kadi.

Nilipoanza nilinunua daftari la hesabu, lile la miraba la wanafunzi, nikalichora safu nne: aliyepandisha ameketi wapi, amepandisha kwa kiasi gani, ni karata ngapi zilikuwa zimefunguliwa, na mwishowe alionyesha nini. Safu ya nne ndiyo iliyonifundisha. Ilijaa polepole, maana karata huonekana tu mtu akilipa hadi mwisho, ila si lazima anayelipa awe mimi. Wawili wakipambana nami nimeshatupa, naendelea kutazama na kuandika. Ukurasa baada ya ukurasa, safu ile ilirudia habari ileile: aliyepandisha baada ya karata ya tano alikuwa na jozi mbili au zaidi. Na aliyepandisha kwa kima cha chini kabisa kwenye karata ya nne, yaani mwenzake ameweka senti 40 naye akaenda 80, ndiye aliyekuwa na karata kali kuliko wote. Dau hilo dogo linavutia. Linaonekana kama mtu anayeuliza kwa upole, kumbe anakubembeleza usiondoke.

Mjomba wangu, khocha kama tunavyowaita ndugu za mama kwa Kibukusu, ananunua na kuuza mahindi, na sidhani amewahi kushika karata. Msimu wa mavuno, mahindi yakiwa yameanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, nilikuwa nakaa naye nikisikiliza wanunuzi. Siku moja mtu aliongeza shilingi mia kwa gunia kabla hatujamkatalia bei yake ya kwanza.

"Khocha, huyu si anatufaa?" nikamwuliza.

"Mpwa wangu, usitazame hiyo mia," akanijibu. "Tazama lori lake limeegeshwa wapi, na amekuja saa ngapi."

Alikuwa na maana kwamba mwenye lori tupu linalosubiriwa kiwandani Eldoret jioni hiyohiyo anaongeza kwa kuwa anayo haja, na aliyekuja kwa pikipiki bila hata mizani anaongeza ili aone utafanya nini. Nyongeza ni ileile, watu ni wawili tofauti. Tangu hapo, nikipandishiwa dau, macho yangu huenda kwanza kwenye kiti na jina la aliyepandisha, kisha kwenye fedha alizobakiwa nazo, ndipo yarudi kwenye karata zangu mwenyewe.

Chukua mkono mmoja niliouandika kwa urefu. Nimeketi kiti kimoja kabla ya mgawaji, nina esi ya shupaza na kwini ya uru. Waliotangulia wametupa. Mimi na mpinzani wangu kila mmoja ana dola 5, ambazo kwa bei ya shilingi 129 ni kama shilingi 645. Napandisha hadi senti 15, na wote wanatupa isipokuwa mwenye dau kubwa la lazima. Kapu, yaani fedha zilizowekwa katikati, lina senti 32. Zinafunguliwa kwini ya pau, nane ya kopa, tatu ya shupaza. Nina jozi ya juu kabisa, na esi pembeni. Naweka 20, analipa. Ya nne ni sita ya uru. Naweka 45, analipa. Kapu limefika dola 1.62. Ya tano ni mbili ya pau, karata isiyoonekana kumsaidia mtu yeyote. Naweka senti 80. Anapandisha hadi dola 2.40.

Nadaiwa dola 1.60 ili nimwone. Kapuni kuna 4.82, na nikilipa kutakuwa na 6.42. Moja na sitini kwa sita na arubaini na mbili ni robo, kwa hiyo nikiwa mbele mara moja katika kila mara nne, sijapoteza. Watu wengi hufika hapo wakasimama. Robo inasikika kuwa kitu kidogo, na jozi ya kwini yenye esi inasikika kuwa kitu kikubwa, basi wanalipa.

Mimi hupenda kuijaza hiyo robo kwa karata zenyewe. Jozi ya nane mkononi mwake inaweza kupatikana kwa njia 3, maana nane moja iko mezani. Vivyo hivyo sita, tatu na mbili. Hizo ni njia 12 za kuwa na tatu za aina moja. Kwini na nane: kwini zimebaki mbili, nane zimebaki tatu, njia 6. Jumla 18, na nimeacha kando nne na tano, ambazo ile mbili ya mwisho imeziunganisha mfululizo. Ili robo itimie nahitaji angalau njia 6 za yeye kupandisha huku yuko nyuma yangu. Kwenye karatasi njia hizo ziko tele. Jeki na kumi zina njia 16, kumi na tisa zina nyingine 16, na zote zilikuwa zikisubiri kuungana zikakosa. Lakini kuwa nazo ni jambo moja, na kuzitolea dola 2.40 kati ya 4.20 alizobakiwa nazo ni jambo jingine. Huyu daftari langu lilimjua kama mtu wa kufuata: anaingia na karata nyingi, analipa, analipa tena, na akikosa anaacha mkono ufe kimya. Sikuwa nimemwona hata mara moja akipandisha mwishoni bila kitu. Zile njia 32 za kwenye karatasi, kwa mtu huyu, sikuweza kupata hata 6 kati yake. Nikatupa.

Hakuonyesha. Ukitupa hakuna anayewajibika kukuonyesha, na hapa ndipo mchezo huu unapoumiza watu kuliko hata kupoteza. Binamu yangu mwenye kibanda cha kutengeneza simu Kitale alikuwa hawezi kabisa kuvumilia. Alijua ameshindwa, alisema kwa sauti kwamba ameshindwa, kisha akalipa. Nikimwuliza sababu, ananijibu, "Nilitaka tu kuona." Hamu hiyo ya kuona ina bei. Katika mkono niliousimulia, bei yake ni madau makubwa ya lazima 32, fedha ambazo mchezaji mzuri wa meza hizo hukusanya kwa subira ya saa nyingi. Annie Duke, Mmarekani aliyecheza poka kwa miaka kabla ya kuandika kitabu cha Thinking in Bets mwaka 2018, anahimiza kwamba uamuzi upimwe kwa kile ulichokijua wakati wa kuamua, si kwa kilichotokea baadaye. Namwunga mkono kabisa, na naongeza kwamba katika kutupa karata mara nyingi hicho kilichotokea baadaye hakipo. Unabaki na hesabu zako na unavyomfahamu yule mtu, basi.

Wako watakaosema kwamba mtu anayetupa namna hii ataonewa. Ni kweli, akikutana na wanaojua. John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao cha mwaka 1944 kuhusu nadharia ya michezo, walionyesha kwamba kutishia bila karata ni sehemu ya lazima ya uchezaji timamu, maana asiyetishia kamwe hatalipwa akiwa nazo. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda wachezaji mabingwa kwenye meza za watu sita, na iliweka madau ya kiasi ambacho binadamu hawakukizoea. Dhidi ya mpinzani wa aina hiyo, kutupa kwangu kwini na esi kila mara kungekuwa shimo la kuvujisha fedha. Ila Pluribus haiketi kwenye meza za senti 5. Anayeketi pale ni mtu aliyetoka kazini, anayetaka kuona karata nyingi, na ambaye furaha yake yote ni kulipwa akipata kubwa. Majibu yanayotolewa na programu za kukokotoa yana thamani, nami huyasoma, lakini yameandikwa kwa ajili ya mpinzani anayepandisha kwa uwiano mzuri wa kweli na uongo. Uwiano ukikosekana, nawe badilika.

Kabla karata za mezani hazijafunguliwa, mambo huwa mepesi kidogo kwa sababu fedha bado ni chache. Ukiwa umeshaweka dau kubwa la lazima la senti 5, na mtu wa viti vya mwisho akapandisha hadi 12, unalipa 7 kushindania 19 zilizoko. Kwa bei hiyo karata nyingi zinastahili kuendelea. Jozi ndogo, mbili mbili hadi sita sita, zina kanuni yake: karata ya tatu ya aina hiyo huja kwenye zile tatu za mwanzo takribani mara moja katika kila mara nane na nusu. Kwa hiyo nafuata tu ikiwa aliyepandisha amebakiwa na fedha nyingi za kunilipa ikija, angalau mara kumi na tano ya ninachotoa sasa. Akiwa na fedha kidogo, natupa bila kujiuliza mara mbili.

Ugumu huanza mtu anapompandishia aliyepandisha. Esi na kwini, karata zinazopendeza macho, hapo huwa mtego. Anayefanya hivyo kutoka viti vya kwanza kwenye meza hizi ana esi mbili, kingi mbili, kwini mbili, au esi na kingi. Karibu zote zinakushika koo, na hata esi yako ikitua mezani huna hakika kama imekuletea ushindi au hasara kubwa zaidi. Hata kwini mbili zenyewe hazina raha dhidi ya mtu mwenye kubana. Esi mbili anaweza kuwa nazo kwa njia 6, kingi mbili kwa njia 6, esi na kingi kwa njia 16, na ukiweka fedha zote mbele ya kundi hilo unashinda kama mara mbili katika kila mara tano. Hapo kufuata na kutazama karata za mwanzo kunaweza kufaa. Kumpandishia tena kwa hasira hakufai.

Jibu la tatu, la kumpandishia aliyekupandishia, ndilo linalosahauliwa mno, nami nalipenda. Lina mtu wake. Ni yule wa kiti cha mgawaji anayepandisha kila anapoachiwa nafasi, na akipandishiwa anatupa. Mtu huyo nampandishia hata nikiwa na esi na tano za uru. Esi yangu inamnyang'anya nusu ya njia za kuwa na esi mbili, kutoka 6 hadi 3, na akilipa bado nina kitu cha kuunga. Sifanyi hivyo kwa ushujaa. Ni daftari tu lililosema kwamba huyu hupandisha na chochote.

Yote haya yanatakiwa kuamuliwa kwa sekunde chache. Saa ya mezani ikianza kuhesabu kurudi nyuma, na mvua ikiwa inanyesha upande wa Mlima Elgon na mtandao unasuasua, huwezi kuhesabu njia 18 kwa utulivu. Dawa yake ni kuitanguliza kazi. Kabla sijaweka dau lolote najiuliza: akipandisha nitafanya nini? Ikiwa jibu ni kwamba sijui, basi dau hilo silo, natafuta kiasi kingine au naacha tu. Zile senti 80 za kwenye karata ya tano niliziweka nikijua tayari kwamba kwa mtu huyu, akipandisha, natupa. Alipopandisha sikuwa na la kuamua, nilikuwa na la kutekeleza.

Vijana wa Kwanza wameniomba niwafundishe, na hapo nakuwa mkali. Mchezo huu una kato: kwenye meza nyingi za senti, wenye mtandao huchukua asilimia 5 hivi ya kapu, na hilo peke yake linatosha kuwafanya wachezaji wengi kupoteza mwishowe hata kama wanatoshana nguvu. Aliye chini ya miaka 18 simfundishi, na sheria iko upande wangu. Mwenye fedha za mbolea au karo mfukoni namwambia aende dukani au shuleni kwanza. Nimeona nyumba zilizovurugwa na kubeti, na nimeona watu wazima wakiikodolea macho ile ndege ya Aviator, kamari ya mtandaoni, hadi mshahara ukaisha. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka huohuo Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Nilifurahi. Ninachokitetea katika poka ni kitu kimoja, kwamba katika kila hatua mchezo unakuuliza tena kama unataka kuendelea, na hapana yako inaheshimiwa papo hapo. Ndege ile ikishapaa unaweza kuiwahi au kuikosa, lakini hakuna mtu upande wa pili wa kumsoma.

Binamu yangu ndiye mwanafunzi niliyekaa naye zaidi. Mwanzoni alikuwa ananitumia ujumbe usiku, na kila ujumbe ulianza na karata zake: nina jeki mbili, nina esi na kumi, nina jozi ya juu, nimepandishiwa, nifanye nini? Nami nilikuwa namrudishia maswali yaleyale. Ni nani? Ameketi wapi? Amebakiwa na ngapi? Mara nyingi hakuwa na majibu, na saa ilikuwa inakimbia. Nikamwambia achore safu nne kama zangu. Alichora kwenye kitabu cha risiti za kibanda, nyuma ya karatasi za wateja wa vioo na betri. Ujumbe wake wa hivi majuzi ninao bado kwenye simu: "Yule wa kiti cha kwanza, anacheza kidogo sana, ana dola 4, amenipandishia mara tatu ya dau langu kwenye karata ya nne, na jana alifanya hivyo akaonyesha tatu za aina moja." Karata zake mwenyewe alizitaja mwisho, na kabla sijaandika neno akaongeza kwamba ameshatupa.